Damu ya babu ilipovuta Oman, ndugu watatu wa Tabora walikaa kikao

Ziko nyumba nyingi Tabora ambazo ukimuuliza mtu "kwenu wapi?" jibu haliishi kwa neno moja. Atakwambia kwao ni Gongoni, babu yake alikuwa Mwarabu, bibi yake Mnyamwezi wa Itetemia, na wajomba zake wako Ujiji. Yote ni kweli, na mtu anaweza kuishi nayo miaka sitini bila kupata usumbufu wowote. Usumbufu huanza siku serikali ya nchi moja inapotaka jibu moja, liandikwe kwenye fomu na ligongwe muhuri.

Hilo ndilo lililoikuta familia moja ya mjini hapo: mama mjane na watoto wake watatu. Majina yao hayatajwi, kwa kuwa mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Lakini yaliyowapata yanazihusu familia nyingi zilizo kwenye njia ya zamani ya misafara, kuanzia Bagamoyo, Mpwapwa na Tabora hadi Ujiji, kwa hiyo yafaa kusimuliwa.

Kaka mkubwa ana duka la vipuri vya pikipiki. Dada yao ni muuguzi, ameolewa na mwalimu wa Kinyamwezi, na ndiye anayeishi na mama katika nyumba ya urithi. Mdogo wao wa kiume ni dereva wa malori, hana mke wala kiwanja. Baba yao alifariki mwaka 2019. Kaka yake baba, ambaye watoto wanamwita ami, yuko Muscat tangu mwaka 1973.

Ami ndiye aliyeanzisha habari yote. Alipiga simu usiku mmoja akasema sheria za kule zinabadilika, na kama watoto wa marehemu ndugu yake wanataka kuomba uraia kwa nasaba, basi walete karatasi akiwa bado yu hai wa kuwatolea ushahidi.

Walivyofika Tabora

Babu wa baba yao alitoka upande wa Ibra, bara ya Oman, akapita Unguja, kisha akapanda bara na msafara. Hakuwa wa kwanza. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikuta Waarabu wameshajenga matembe yao, na mwenyeji wao alikuwa mfanyabiashara wa Kiomani, Snay bin Amir. Pembe za ndovu zilitoka Manyema na Ugoma, zikabebwa mabegani, na wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi.

Waarabu hao hawakuishi Unyanyembe peke yao. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Ndoa za namna hiyo ndizo zilizowapa wageni ardhi, ulinzi na jamaa. Mfanyabiashara asiye na shemeji Mnyamwezi angepata tabu hata ya kununua mtama wa kulisha msafara.

Pamoja na wake walikuwako watumwa, na masuria, na wapagazi huru, na Wamanyema waliobaki mjini baada ya kazi kwisha. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, wengi waliokuwa chini ya tajiri mmoja waliendelea kutumia jina lake la ukoo. Ndiyo maana leo Tabora unaweza kuwakuta watu wawili wenye jina moja la mwisho, mmoja babu yake alikuwa mwenye nyumba, mwingine babu yake alinunuliwa na mwenye nyumba huyo. Majirani wazee wanajua, ila hawasemi.

Msahafu na kitambulisho

Kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta karatasi. Babu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kilichopatikana ni leseni ya duka, barua nne zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na msahafu wa zamani ambao kwenye ukurasa wa mwisho babu aliandika siku za kuzaliwa za watoto wake.

Hapo likatokea jambo la kwanza. Msahafu ulisema baba yao alizaliwa Ramadhani ya mwaka 1367, yaani katikati ya mwaka 1948. Kitambulisho chake kilisema mwaka 1950. Kila mtu nyumbani alikuwa anajua kwamba mwaka huo wa 1950 ulikadiriwa na karani, lakini ofisini karatasi mbili zenye tarehe mbili ni watu wawili. Dada yao ndiye aliyezunguka: kwa wakili kupata kiapo, RITA kuuliza kuhusu cheti, msikitini kutafuta mtu aliyeijua ndoa ya babu.

Jambo la pili lilikuwa zito kuliko tarehe. Fomu ya kiapo cha kuzaliwa huuliza jina la mama wa mzaliwa. Mama wa baba yao, bibi aliyewalea wote watatu, alikuwa Mnyamwezi wa Itetemia. Alikufa akiwa na jina la Kiislamu alilopewa siku ya ndoa na jina la Kinyamwezi alilopewa na baba yake. Dada akaandika yote mawili.

Ami alipotumiwa picha ya fomu kwa simu, alinyamaza siku mbili. Kisha akapiga. Akasema jina hilo lisiandikwe. Badala yake liandikwe jina jingine, la binti wa ami yake babu.

Faili mbili, bibi mmoja

Ilichukua muda watoto kuelewa. Bibi huyo ndiye mama mzazi wa ami pia. Ami alipofika Muscat mwaka 1973 alikuwa kijana wa miaka thelathini, Kiarabu chake kibovu, rangi yake ya Tabora. Sultani Qaboos alikuwa ametwaa madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Wengi walikwenda: kutoka Unguja baada ya mapinduzi ya Januari 1964, kutoka Mombasa, Bujumbura, Kigoma na Tabora. Walihitajika, maana wengi walikuwa na elimu na ufundi. Hata hivyo kule wote waliitwa "Wazanzibari", hata yule ambaye hajawahi kuiona bahari ya Unguja, na kila mmoja alitakiwa apate watu wa kabila lake na sheikh wa kumshuhudia kwamba kweli ni wao.

Sheikh huwa hamuulizi mtu jina tu. Humuuliza: ninyi ni akina nani wa jina hili? Ami aliogopa swali hilo. Aliona kwamba akimtaja mama Mnyamwezi, wapo watakaodhani baba yake naye hakuwa Mwarabu bali mtu wa nyumbani aliyechukua jina. Kwa hiyo akamwandika mama mwingine. Akapata uraia, akaajiriwa serikalini, akaoa, akazaa watoto sita na wajukuu ambao leo ni Waomani.

Sasa watoto wa mdogo wake wakipeleka jina la kweli, faili mbili za ndugu wa baba mmoja zitakuwa na mama wawili, na karani makini anaweza kuuliza ni ipi ya uongo.

Kinachosikitisha ni kwamba kisheria jina la bibi halikuwa na uzito wowote. Uraia wa Oman hupitia kwa baba. Na katika fikihi ya Kiislamu mtoto hufuata nasaba ya baba yake, awe mama yake ni binti wa sultani, binti wa mtemi, au suria. Alichokificha ami hakikuwa kosa. Lakini hofu haisomi vifungu vya sheria.

Kaka mkubwa alikuwa tayari kuandika alivyoambiwa. Alisema bibi ameshatangulia, hatadhurika kwa karatasi, na ami hapaswi kuvunjiwa heshima uzeeni. Dada akakataa kabisa kukisaini kiapo hicho kama shahidi. Mdogo wao, ambaye ndiye aliyeutaka uraia kuliko wote, hakujua ashike upande gani.

Waliyemwendea ni mama yao. Yeye ni mkwe wa bibi huyo, wala si damu yake. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mimi nimeingia nyumba hii nikiwa mwali, huyo bibi ndiye aliyenifunza hata kuchemsha matobolwa. Kama karatasi ya watu haina nafasi yake, acheni patupu. Msimkalishe mtu mwingine mahali pake."

Sheria inasemaje

Wakati hilo likisubiri, walikwenda kuuliza upande wa sheria, na huko nako walikuta hesabu nyingine.

Kwanza, Oman inaurithisha uraia kwa njia ya baba, na sheria yake mpya ya uraia ya mwaka 2025 haikubadili msingi huo. Mama Muomani humpa mtoto uraia katika hali chache tu, kama vile pale baba asipojulikana. Maana yake ni kwamba hata kama ndugu wote watatu wangekubaliwa, watoto wa kaka wangekuwa na njia, watoto wa dada wasingekuwa nayo. Wajukuu wa mama mmoja, wanaokula sinia moja, wangegawanyika kiwanja cha ndege.

Jambo hilo haliko Oman peke yake. Italia kwa miaka mingi iliwapa uraia vitukuu wa Waitaliano waliohamia Brazil na Argentina bila kuhesabu vizazi, lakini mwanamke wa Kiitaliano hakuhesabiwa kumpitishia mtoto uraia kabla ya tarehe 1 Januari 1948. Familia nyingi zililazimika kwenda mahakamani kwa sababu ya bibi mmoja. Mwaka 2025 Italia nayo ilibana mlango, ikaweka mpaka kwenye mzazi na babu au bibi. Anayetegemea damu ya mbali, popote alipo, ajue kwamba mlango huo hufungwa na waliomo ndani wakati wowote wakitaka.

Pili, Tanzania hairuhusu uraia pacha. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima anayeuchukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania. Oman nayo hairuhusu pasipoti mbili bila kibali. Kwa hiyo kupokea ya Oman ni kuirudisha ya Tanzania.

Tatu, ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Katika miaka ya karibuni serikali imeleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, lakini hadhi hiyo huombwa, na si uraia. Haimpi mtu kura.

Familia hiyo ilipata uraia wake wa Tanzania bila kuomba. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 baba yao alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa kuwa alizaliwa Tanganyika na wazazi wake walizaliwa Tanganyika, aliamka raia. Haikuwa hivi hivi tu. Mwezi Oktoba mwaka huo baadhi ya wabunge walitaka uraia wa moja kwa moja uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu Nyerere aliupinga mpango huo kwa ukali, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kuupima uraia kwa rangi ya ngozi. Kama angeshindwa siku ile, mtoto wa Mwarabu wa Gongoni angeamka akiwa mgeni katika mji aliozaliwa.

Kikao

Kikao cha familia kilikaliwa siku ya Ijumaa baada ya swala. Alikuwepo mama, watoto watatu, mume wa dada, na mzee mmoja wa mtaani anayejua mirathi.

Mzee alianza na nyumba, maana bado ilikuwa haijagawanywa. Akaweka mafungu 40. Mjane hupata thumuni, ndiyo mafungu 5. Yaliyobaki 35 hugawanywa kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke: 14 kwa kaka, 14 kwa mdogo, 7 kwa dada. Shamba la maembe njia ya Kwihara hivyo hivyo.

Kaka mkubwa akasema yeye ameshafanya hesabu yake. Ana duka, ana mke, ana watoto wanne shuleni, na miaka yake ni arobaini na mitano. Akienda Muscat ataanza kujifunza lugha ya ofisini pamoja na wajukuu wa ami. Atabaki.

Mdogo akasema yeye hana cha kupoteza ila mafungu hayo 14. Kazi ya lori imemchosha, na kule anaona mshahara. Lakini akasema pia kwamba hataki kuanza maisha mapya kwa kumkana bibi yake. Kama ni lazima jina libadilishwe, ataacha.

Wakampigia ami simu hapo hapo, sauti ikawekwa wazi wote wasikie. Mama ndiye aliyeongea. Hakumlaumu shemeji yake. Alimweleza tu kwamba mtoto anataka kwenda, na kwamba anataka kwenda na bibi yake mzima.

Ami hakujibu siku ile. Alijibu wiki ya tatu, na hakupiga kwa dada wala kwa kaka, alimpigia mdogo. Akasema: "Andika jina la mama yangu, yote mawili. Nina miaka themanini na mbili. Wakiniita nitakwenda mwenyewe kuwaambia kwa nini niliandika vile." Inasemekana watoto wake hawakufurahi. Mmoja wao, mwenye cheo kazini, hajawapigia simu Tabora tangu hapo.

Hiba

Kabla ya kupeleka maombi, mdogo aliamua kuyatoa mafungu yake 14 kuwa hiba kwa dada yake. Mzee wa mirathi alimweleza kwamba hiba si ahadi. Ni lazima itolewe mtu akiwa hai na akili timamu, ipokelewe, na ikabidhiwe. Ikishakabidhiwa hairudi, hata maombi ya Oman yakikataliwa. Alitakiwa pia asiishie kwa mashahidi wa msikitini bali aende ofisi ya ardhi, ili jina likae kwenye hati.

Kaka mkubwa alinung'unika. Kwa hesabu mpya dada yao alikuwa na mafungu 21 na yeye 14, na hakuzoea kuona hivyo. Alitaka nusu ya hiba ije kwake. Mdogo akamjibu kwa adabu kwamba kaka ana nyumba yake Ipuli, na anayeamka usiku mama akikohoa ni dada. Kaka akanyamaza, na siku ya kwenda ofisi ya ardhi ni yeye aliyelipa teksi.

Kwa hiyo sheria ya kule ilikuwa imemwacha nje binti na watoto wake, na ya huku ikamfanya kuwa mwenye sehemu kubwa ya nyumba ya babu Mwarabu. Mume wake, mwalimu wa Kinyamwezi, anasema shemeji zake wa zamani wa Itetemia wangecheka sana kusikia.

Kwa familia nyingine

Familia zilizo na habari kama hiyo zinaweza kujifunza mambo machache. Andikeni tarehe na majina wazee wakiwa hai, ya kina bibi pamoja na ya kina babu, majina yao yote. Linganisheni karatasi za nyumbani na vitambulisho mapema, si siku ya safari. Gawaneni mirathi kabla mmoja hajabadili uraia, maana baadaye jambo dogo huwa kubwa. Ulizeni Uhamiaji kabla ya kuapa kiapo cha nchi nyingine, kwa kuwa kuukana uraia ni siku moja, na kuurudia ni maombi mapya yasiyo na hakika. Na mzee aliyewahi kuandika jambo lisilo kweli kwa sababu ya hofu asisutwe mbele ya watoto. Apewe muda, kama ami alivyopewa.

Maombi ya mdogo yako Muscat. Mpaka sasa hajajibiwa, bado ana kitambulisho chake cha Tanzania, na bado anaendesha lori kati ya Tabora na Kigoma. Akikubaliwa ataondoka na begi moja. Akikataliwa atarudi nyumba ile ile ya Gongoni, ambayo si yake tena, na dada yake ameshamwambia chumba cha uani kisipangishwe kwa mtu.